Nani Achague Tahasusi?

Kijana wa kidato cha nne anapojaza fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, ubishi wa nyumbani mara nyingi hufika hadi ofisi ya usharika. Baba anataka PCB. Mtoto anataka HGL. Mama anamwomba mchungaji aiombee fomu. Sisi wachungaji hatukatai kuomba, lakini tukishafumba macho tunajiuliza tunamwomba Mungu nini hasa: amwonyeshe mtoto njia, au amlainishe moyo akubali neno la baba?

Tangu kipaimara tumefundishwa Amri ya nne, kwamba wazazi waheshimiwe na kutiiwa. Je, Fizikia, Kemia na Biolojia zimo ndani ya utii huo? Tusijibu haraka. Mzazi ndiye aliyegharamia masomo, na ameona wahitimu wangapi wamekaa nyumbani na vyeti vyao. Hofu yake si ya kijinga. Mtoto wa miaka 17 naye hajui mengi kuhusu kazi anayoitamani.

Luther mwenyewe alipitia jambo hili. Baba yake, Hans, aliyefanya kazi ya kuyeyusha shaba huko Mansfeld, alimsomesha ili awe mwanasheria. Mwaka 1505 kijana alikumbwa na radi njiani, akaweka nadhiri, akaingia utawani bila ridhaa ya baba. Hans alikasirika sana. Miaka miwili baadaye, mwanawe alipoongoza misa yake ya kwanza, alimuuliza kama hajapata kusikia kwamba wazazi waheshimiwe. Neno hilo lilimchoma. Mwaka 1521, alipoandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, Luther alikitanguliza kwa barua kwa baba yake. Humo alikiri kwamba baba alikuwa na haki ya kumdai utii. Tena akasema kwamba Kristo ana haki kubwa zaidi juu yake kuliko baba. Aliyasema yote mawili katika barua moja. Sisi huwa tunasoma nusu: wazazi ile ya kwanza, vijana ile ya pili.

Mwaka 1524 aliandika tena, safari hii kuhusu ndoa, kwamba wazazi wasiwalazimishe watoto wala wasiwazuie, na watoto nao wasichumbiane bila ridhaa ya wazazi. Hakuwa akizungumzia masomo, ila sisi tunaona kipimo hicho kinafaa hapa pia. Mzazi ana haki ya kujua, kuuliza, kuonya, hata kusema wazi kwamba hakubaliani. Kumburuta mtoto ni jambo jingine.

Linalotusumbua zaidi ni pale jina la Mungu linapoingizwa. Tumesikia mara nyingi: "Mchungaji, Bwana amenionyesha mtoto huyu ni daktari." Mtoto mwenyewe ana D ya Kemia, na Biolojia anaikariri kwa machozi. Aliye mwepesi kusema Bwana amesema, kumbe ni tamaa yake ya kuitwa baba daktari, ameigusa Amri ya pili kabla hajaitetea ya nne.

Kijana naye asijifiche nyuma ya "moyo wangu unapenda". Wengine huikimbilia HKL kwa sababu tu rafiki yuko huko, au kwa sababu wanaikimbia Hisabati. Moyo hupenda mengi, hata uvivu. Mwaka 1520 Luther aliandika kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima ni makuhani sawasawa na askofu, kila mmoja akiwatumikia wenzake kwa kazi yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana ni hili: nani atafaidika na unachokiweza? Anayewaeleza wadogo zake somo la Historia mpaka wakalielewa ameshaonyesha kitu ambacho fomu haina nafasi ya kukiandika. Anayefungua redio iliyokufa na kuifunga ikiwa inaongea, vivyo hivyo.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Baadhi yetu tulifurahia hizo za dini kana kwamba ndizo takatifu kuliko EGM. Sivyo. Mhasibu anayekataa kughushi hesabu za ushirika wa kahawa anamtumikia Mungu palepale mezani pake.

Matokeo yakitoka, washarika huleta sadaka ya shukrani kwa ajili ya waliochaguliwa kidato cha tano, na kanisa zima hupiga makofi. Aliyepata nafasi VETA kusomea umeme huketi kimya nyuma, na mama yake haleti bahasha. Hatujawahi kumuuliza kwa nini.