Kujua, Kujulikana, Kujuana

Alfajiri ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, huku Rumonge nchini Burundi, mitumbwi ya ndagala, yaani dagaa, inaporudi kutoka kuvua gizani, biashara huanza kabla fedha haijaonekana. Mama mmoja anajitwisha beseni, mwingine anasubiri lake lijazwe, na mwenye mtumbwi anaandika kwenye daftari la shule lililolowa pembe. Majina kamili hayaandiki. Anaandika "mama wa kwenye mwembe", "mama mapacha". Yatosha. Ndagala wakishakauka juani na kuuzwa, deni litalipwa, maana mwenye deni anajulikana, naye anajua kwamba anajulikana.

Ada za chuo hutoka kwenye madaftari kama hilo. Kijana wa Rumonge anayesoma Bujumbura, kilomita 70 hivi kwa barabara ya kando ya ziwa, amefikishwa huko na ndagala, na mukeke ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, na mafuta ya mawese. Akiingia chuo kikuu cha Kanisa la Anglikana mjini humo, au akipanda milimani Matana kusomea theolojia, anakutana na jambo lile lile aliloliacha ufukweni: watu ni wachache, na kila mtu anamjua.

Je, kujulikana huko kunamsaidia kujua?

Kiswahili kimetutangulia katika swali hili. Kutoka mzizi mmoja kimetupa kujua, kujulikana na kujuana, na mzungumzaji huyapita maneno hayo matatu kila siku bila kusimama. Mimi nimesimama kwenye la tatu, kwa sababu lina sifa mbaya. Tukisema kazi zinatolewa kwa kujuana, tunasema haki imeuzwa. Basi imekuwaje neno ambalo lingetaja tendo bora kabisa kati ya mwalimu na mwanafunzi likawa jina la upendeleo?

Nianze na ubora wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameinuka kujibu swali la uchumi kwa Kifaransa: kwa nini bei hupanda? Anaanza sentensi, anakwama kwenye kitenzi, anaketi. Katika ukumbi wa watu mia nne, habari yake imekwisha hapo, ameonekana hajui. Katika darasa la watu ishirini na watano, mwalimu anayemfahamu anamwambia, "Sema kwa Kirundi." Jibu linatoka zima, na ndani yake mna mwezi mpevu: mwanga wa mbalamwezi ukitanda ziwani, taa za wavuvi hazivuti tena ndagala, samaki wanaadimika sokoni, bei inapanda. Fikra alikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichomkwamisha ni lugha, na aliyeweza kutenganisha mambo hayo mawili ni mtu anayemjua.

Katika maandishi ya Plato, Socrates anakinung'unikia kitabu kwa sababu hiyo hiyo: ukikiuliza kinarudia lile lile, wala hakijui kinasema na nani. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho juu ya kujua kwetu kwa sehemu, alikufungamanisha kujua na kujulikana, kana kwamba moja haliwezi kukamilika bila lingine. Sidhani alikuwa anapamba maneno. Mtu asiyejulikana na yeyote anaweza kukusanya habari nyingi, lakini ni nani atakayemwonyesha mahali alipokosea njia?

Hata hivyo, katika mwambao huu siwezi kwa wepesi kusifu kujulikana. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na waliosoma ndio waliotafutwa kwanza: walimu, makarani, wachungaji, wanafunzi. Walitafutwa kwa orodha. Majina yalisomwa, vijana wakatolewa mashuleni, hawakurudi. Huko Gitega aliuawa padri Michel Kayoya, mmoja wa watu waliokuwa wakifikiri kwa kina zaidi Burundi kuhusu utu wa Mrundi. Maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, wengine kwa kuvuka ziwa. Wapo wazazi waliowafundisha watoto wao kukaa kimya darasani, wasionekane hodari, jina lisishike akilini mwa mtu.

Kwa hiyo kuna kujuana kunakouliza "wewe ni wa nani?" na kuna kujuana kunakouliza "umeelewa nini?" Swali la kwanza liliandika orodha za 1972, na ni hilo hilo, likiwa limevaa nguo safi, linalogawa kazi leo. Swali la ukoo likishatangulia, la kuelewa halipati tena nafasi. Chuo kidogo hakiwezi kukwepa kujuana. Kinachoweza ni kuchagua swali.

Uchaguzi huo hauonekani kwenye hotuba za mahafali. Unaonekana mwisho wa mwaka, walimu wanapokaa kupitisha matokeo. Jaalia kuna kijana mwenye 9 kati ya 20, na anayefaulu ni mwenye 10. Mwalimu anajua baba yake alizama ziwani mwaka ule, na mama ameuza kila kilichouzika. Alama moja tu! Nani angemnyima? Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na moyo wangu ulikuwa upande wa kuiongeza. Sasa naona tofauti. Moja ile ikiongezwa kwa machozi, jirani yake mwenye 9 ambaye msiba wake haujulikani amedhulumiwa, na kijana mwenyewe amenyimwa kitu alichokuja kukitafuta: ukweli juu ya anachokijua. Huruma aliyostahili ilikuwa ya mwezi wa pili, alipoanza kukosa vipindi. Wakati ule kujuana kungempa muda, maelezo ya ziada, mtu wa kumpigia simu nyumbani. Kungoja mpaka siku ya alama ni kumjua kwa kuchelewa.

Basi, mwalimu wa chuo kidogo, sahihisha karatasi jina likiwa limefunikwa, na umwandikie tisa yake. Kesho asubuhi mwite kwa jina, mwekee kiti, umuulize swali lile lile tena, kwa Kirundi kama itabidi, na usiondoke mpaka amelijibu.