Mkono wa Shangazi

Wasichana wanaotaka kujifunza kupiga picha za harusi wakija kwangu huwa na swali lao mkononi: dada, ninunue lenzi gani pana? Wanauliza hivyo kwa sababu wameshaona kazi yetu inafanyikia wapi. Nyumba za Mji Mkongwe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu wa mti ilikotoka, ndiyo maana vyumba vingi, hata vya matajiri wa zamani, upana wake ni mita tatu hivi. Humo tia kitanda cha bibi harusi, kungwi, mashangazi, watoto na feni ya kusimama. Upande huo wa harusi tunaingia sisi wapiga picha wa kike, na mgongo hugota ukutani kabla hujamwona bibi harusi mzima.

Jibu langu la kwanza halina falsafa. Usinunue kitu bado. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, iweke kwenye 18 ukae nayo msimu mzima. Kamera za bei nafuu zina kihisi kidogo, kwa hiyo 18 yake inaona kama 27 au 29 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Wengi inawatosha. Ukuta ukizidi kukusukuma, tafuta ya 10-18. Ni nyepesi na bei yake inavumilika, ila haipendi giza. Basi jifunze kurusha mwanga wa flashi kwenye dari iliyopakwa chokaa, si machoni mwa watu.

Baada ya hapo ndipo yanapoanza yanayonikosesha usingizi. Lenzi pana humvuta aliye pembeni. Shangazi aliyejibana mwisho wa mstari mkono wake unatoka mnene, kichwa kimelala upande kama papai. Na pembeni hukaa nani? Mwenye haya, aliyeitwa mwisho akitokea jikoni, jamaa ambaye hakuipata sare. Bibi harusi aliye katikati hatoki na dosari hata moja. Je, picha ile inasema uongo?

Kwetu Waislamu swali hili si la mchezo. Tumekua tukisikia hadithi zinazowaonya watengeneza sura, na wako wazee mpaka leo hawatundiki picha ukutani. Kamera ilipoenea ilibidi wanachuoni waseme neno. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika risala ya kuruhusu: mpiga picha haumbi kitu wala hajifananishi na Muumba, anakizuia tu kivuli cha kile ambacho Mwenyezi Mungu ameshakiumba. Riziki yangu imesimama juu ya hoja hiyo. Lakini kivuli kilichozuiliwa kwa milimita 10 ni kivuli cha nani? Shangazi hana mkono ule.

Lipo jaribio ninalowafanyisha wanafunzi. Chukua picha iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 24, kamera ikiwa na kihisi cha upana wa milimita 36. Isafishe kwa upana wa sentimita 36. Ibandike ukutani, fumba jicho moja, sogeza uso mpaka jicho liwe sentimita 24 kutoka katikati ya karatasi. Usiondoe kichwa, geuza jicho peke yake umtazame shangazi kule mwisho. Mkono umerudi. Kutoka hapo ile pembe ya karatasi unaiona kwa mshazari, na mshazari huo unaubana mkono kwa kadiri ileile lenzi ilivyouvuta. Wasichana hucheka, kisha hurudia wenyewe kwa jicho la pili, maana hawaamini.

Basi picha ni ya kweli, ila ni kweli ya jicho moja lililosimama mahali pamoja. Na hapo hasimami mtu. Picha hiyo ikitumwa kwenye simu yenye kioo cha sentimita 14, ingebidi uitazame kwa umbali wa sentimita 9 hivi, nani anafanya hivyo? Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, alieleza katika Kitab al-Manazir, karne ya 11, kwamba mwanga huingia jichoni kutoka kwenye vitu, lakini ukubwa wa kitu hauji na mwanga peke yake: akili inaupima kwa kuzingatia umbali. Asiyejua lenzi ilisimama wapi atapima vibaya, na hakuna aliyemdanganya kwa mdomo.

Wapo wanaolijua hilo vizuri. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniita nimpigie vyumba vyake, akanambia, "Kifanye kiwe kikubwa, Bi mdogo." Ukisimama pembeni kabisa ya chumba na milimita 10, miguu ya kitanda inakimbilia mbali na sakafu inatanda hadi chumba kinakuwa ukumbi. Hukuongeza hata tofali. Nilipositasita akasema kamera ndiyo iliyoona, yeye hakusema kitu.

Nikakumbuka hadithi ya lundo la nafaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Nafaka ilikuwa nafaka, ya juu na ya chini, hapakuwa na punje ya kubuni. Aliloulizwa ni kwa nini yaliyolowa hakuyaweka juu watu wakayaona. Alijua jicho la mnunuzi linaishia wapi, akapanga bidhaa kulingana na hilo. Mgeni anayechagua chumba kwenye simu akiwa Ulaya naye jicho lake linajulikana linaishia wapi. Nilimwambia mwenye nyumba nitampiga mtu amekaa kitandani, kwa kuwa ukubwa wa mtu kila mmoja anaujua, na yeye aandike vipimo vya chumba chini ya picha. Akatafuta mpiga picha mwingine.

Kwa shangazi mambo ni magumu zaidi. Siku hizi kuna programu zinazomrudishia mkono wake, na simu nyingine hufanya hivyo zenyewe bila kuuliza. Angalia lakini nyuma yake: fremu ya mlango iliyokuwa wima sasa imepinda. Wachora ramani wanaijua shida hii tangu zamani, kwamba mviringo hautandazwi juu ya bapa bila kitu kuvutwa. Ama mlango unyooke na shangazi avimbe, ama shangazi apone na mlango upinde. Mimi napindisha mlango.

Shemeji yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, hanisamehe kwa hilo. Anasema kuzuia kivuli kumeishia pale. Nilipogusa mwili wa mtu kwa kipanya nimeshaanza kuchora, na ruhusa ya al-Muti'i hainihusu tena. Namjibu kwamba mwili ulikuwa umeshaguswa: fundi wa kiwandani alipoamua mistari yote inyooke, alimtoa shangazi kafara ili mlango ubaki wima, wala hakuniuliza. Mimi nimebadilisha tu wa kuumia. Na kwa kuwa wanachuoni wenyewe walilegeza kwa kisicho na roho, mti na jengo, naona nimechagua penye usalama.

Yeye hutikisa kichwa. Mlango, anasema, hukuupinda kwa ajili ya mlango.