Maandishi Mlangoni, Tairi Chini

Masomo: Mathayo 25:1-13, Waefeso 6:15



Masika yanakaribia, na Kwaresima inakuja pamoja nayo. Wenye Land Rover na Land Cruiser wameanza kuulizana swali lao la kila mwaka: tairi gani safari hii? Na wengine huongeza la pili: tubandike stika gani? Yafaa tuyatazame maswali haya kwa macho ya imani, maana mtu huijua roho yake kwa kuangalia ni lipi analolilipia kwanza.

Stika si dhambi. Jina la Yesu mlangoni mwa gari laweza kumfariji mpita njia. Lakini stika hukaa pale watu wanapotazama, na tairi hukaa topeni. Stika ni ileile kiangazi na masika; tairi haina budi kufuata majira. Tairi ya matope ina meno makubwa yenye nafasi pana katikati, ili gurudumu likizunguka lilitupe tope nje. Tairi ya lami ina mifereji myembamba; ikiingia katika udongo mweusi hujaa mara moja na kuteleza. Tena ile ya matope nayo, juu ya lami, hupiga kelele, huisha upesi, na lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Basi hakuna tairi ya kujisifia. Iko tairi ya kufaa. Huko Ujerumani, tangu 2010, sheria hukataza kuendesha juu ya theluji na barafu bila tairi za majira hayo, kwa kuwa mpira wa tairi za kiangazi hukakamaa kwa baridi.

Hapa yatupasa kukiri jambo. Mwaka 1998, wakati wa mvua kubwa za El Niño, sisi tulikuwa wajumbe wa halmashauri ya mtaa mmoja wa shamba. Sadaka za mavuno zilitosha jambo moja tu: tairi nne za matope, au kulipaka gari rangi na kuliandika. Askofu alikuwa anakuja kwa Kipaimara. Tulisema tairi bado zina maisha, tukainua mikono kuchagua maandishi. Siku ile gari lilipendeza, na akina mama wakapiga vigelegele.

Baada ya majuma matatu mke wa mwinjilisti alishikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha. Tulipokwenda kumchukua, gari lilikwama bondeni. Dereva alipunguza upepo, tukakata matawi, tukasukuma. Magurudumu yalizunguka palepale, yakizidi kuzama. Tuliendelea kwa miguu. Alfajiri tulimkuta mama yu hai. Mtoto hakuwa hai. Tuliporudi bondeni kulikuwa kumepambazuka, na maandishi yalionekana vizuri juu ya tope: YESU HUOKOA. Hakuna aliyeyasoma kwa sauti.

Hatusemi kwamba tairi mpya zingemwokoa mtoto yule. Hilo Mungu ajua. Twasema kwamba tulipewa nafasi ya kuwa tayari, tukaitumia ili tuonekane. Mwinjilisti hakutulaumu hata mara moja, na hilo lilituuma zaidi. Mwezi uliofuata tulikopa fedha, tukanunua tairi. Majuto ni mjukuu.

Wanawali wote kumi walikuwa na taa. Kwa nje hapakuwa na tofauti. Kilichowatenga ni mafuta, na mafuta hayakuonekana mpaka usiku wa manane. Naye Paulo, akitaja silaha za Mkristo, haishii kifuani na kichwani. Anakumbuka miguu, na kiatu anachoivika ni utayari.

Basi tujiulize: stika zetu ni zipi? Labda ni kiti cha mbele, sare ya chama, au jina letu likisomwa katika orodha ya wachangiaji. Na tairi zetu? Ni sala ya asubuhi asiyoijua mtu, deni lililolipwa, mgonjwa aliyetazamwa bila kutangazwa. Tena tusisahau kwamba tairi huzeeka hata ikiwa na meno yake. Ubavuni mwake mna tarakimu nne, juma na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Ikikaa bandani miaka mingi, mpira hupasuka. Wako miongoni mwetu walioipokea imani siku ya Kipaimara, wakaiegesha.

Kwaresima ni wakati wa kuinama na kutazama chini ya gari. Tusingoje mpaka tukwame, kwa maana ng'ambo ya bonde yuko mtu anayetungojea.

Ee Bwana, utujalie kuwa tayari kabla ya kuonekana, ili jina lako tunalolichukua lisiaibike njiani kwa ajili yetu. Amina.