Uliza Kwanza

Vijana wenzangu, parokiani kwetu kuna kaka mmoja wa kwaya mwenye ulemavu wa miguu. Akija na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, tunamsalimia, "Mambo vipi, kaka?" Siku ikiharibika anakuja na kiti mwendo, na sauti zetu zinabadilika: "Pole jamani." Tena tunashika vile vishikio vya nyuma na kumsukuma.

Mtu ni yuleyule, kilichobadilika ni chombo. Kwenye baiskeli tunamwona akijiendesha. Vishikio vya kiti viko nyuma yake, mikononi mwetu, basi tunadhani tumeruhusiwa. Jumapili moja nami nilimsukuma hadi mbele karibu na altare. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, nilitaka kukaa na wenzangu wa besi." Niliona aibu sana.

Yesu alijua Bartimayo ni kipofu, lakini alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Huruma isiyouliza humfanya mtu aonekane mzigo. Wiki hii, kabla hujashika kishikio, zunguka mbele, mtazame usoni, mwulize. Akisema hapana, kaa naye tu mpige stori.