Kesi ya Dakika Tatu

Bukoba si mji wa viyoyozi. Uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Victoria, na mvua zake ni nyingi. Changu nilikuja nacho kutoka Dar es Salaam nilipostaafu, nikakifunga sebuleni huku majirani wakinicheka.

Jumapili moja umeme ulikatika, na uliporudi kiyoyozi hakikuwaka. Sikuuliza lolote. Nilimwita mpwa wangu, aliyekuja kutoka Muleba kusoma, kwa kuwa asubuhi ile alifuta vumbi sebuleni. "Umeniharibia mashine," nikamwambia mbele ya wageni.

"Hapana, Mjomba, sikuigusa."

Nikaliona jibu hilo kuwa kiburi.

Kesho yake fundi alianza na maswali madogo. Taa zinawaka? Betri za rimoti ni nzima? Kisha akaenda kwenye bodi ya umeme, akakuta swichi ya kiyoyozi imejikata yenyewe. Akairudisha, akaonya kwamba ikijikata tena tusiilazimishe, maana hapo pana hitilafu ya kweli. Feni ikazunguka, lakini kompresa ya nje ilikuwa kimya. "Subiri kama dakika tatu, mzee. Inangoja mgandamizo wa gesi utulie. Ikianza mapema inaweza kuungua."

Kweli, ikanguruma.

Chombo kisicho na roho kilingoja. Mimi nilikwisha kuhukumu. Fundi alianza na kilicho rahisi kukaguliwa, mimi nilianza na aliye rahisi kulaumiwa.

Je, mkubwa amwombe radhi mtoto? Sisi Wahaya tumelelewa kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa, tena kwa unyenyekevu. Lakini wazee wa ukoo wakikaa shaurini husikiliza pande zote kabla ya kusema. Heshima yao inatokana na kusikiliza huko. Mkubwa asiyesikiliza amekwisha kuivua heshima yake mwenyewe, wala radhi haimpunguzii kitu.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato: nikampa kijana fedha za madaftari. Alishukuru bila kunitazama usoni. Nilimwaibisha mbele za watu, na fedha za faraghani haziwezi kuifuta aibu ya hadharani. Jumapili iliyofuata, wageni wale wale wakiwapo, nikasema: "Nilikusingizia. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mjomba."

Huenda kwake yamekwisha. Mimi bado, kila kompresa inaponyamaza kabla ya kuanza, nazihesabu dakika zile.