Nafasi ya Kwanza na Ubingwa: Ishara au Sababu?

Ligi ya NFL ya Marekani, ya mchezo wa American football, ina timu 32, zilizogawanywa sawa katika konferensi mbili, AFC na NFC. Kila timu hucheza mechi 17 za msimu wa kawaida, kisha timu saba za kila konferensi huingia hatua ya mtoano zikiwa zimepangwa kwa namba, ya kwanza hadi ya saba. Namba nne za juu ni za washindi wa makundi manne ya konferensi; tatu za chini ni za timu zilizobaki zenye rekodi bora. Timu ya namba moja hupata mambo mawili: hupumzika wikendi ya kwanza huku wengine wakitoana, na mechi zake zote hadi fainali ya konferensi huchezwa nyumbani. Fainali kuu, Super Bowl, huwa imepangiwa mji miaka kadhaa kabla, na huko namba haina kazi tena.

Kila Januari, timu ya namba moja inapotolewa mapema, huzuka kauli kwamba nafasi hiyo ni pambo tu. Ikitwaa ubingwa, kauli hugeuka: njia ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Kauli zote mbili hupima thamani ya kitu kwa mwisho wake, na mwisho ni kipimo kibovu cha kitu ambacho kazi yake ni kuongeza uwezekano wa ushindi tu, bila kuuahidi.

Upendeleo wenyewe haukuwepo siku zote. Kabla ya 1975, mwenyeji wa mechi za mtoano alipatikana kwa zamu zilizopangwa mapema, bila kujali nani alikuwa na rekodi gani. Ndiyo maana Miami Dolphins wa 1972, ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja, walisafiri hadi Pittsburgh tarehe 31 Desemba kucheza fainali ya AFC ugenini. Walishinda 21–17, wakatwaa na Super Bowl, na hadi leo ni timu pekee iliyomaliza msimu mzima hadi ubingwa bila kupoteza wala kutoka sare. Kuanzia 1975 rekodi ndiyo iliyoamua nani awe mwenyeji. Tangu msimu wa 1990 hadi wa 2019, timu mbili za juu katika kila konferensi zilipumzika wikendi ya kwanza. Tangu 2020 ni moja tu.

Katika misimu 20, kuanzia wa 2005 hadi wa 2024, timu za namba moja zilikuwa 40, mbili kila msimu. Kati ya hizo, 21 zilifika Super Bowl na saba zilitwaa ubingwa. Timu nyingine zote zilizoingia mtoano katika kipindi hicho zilikuwa 210, zikagawana mataji 13. Kwa hesabu hiyo, namba moja hutwaa ubingwa takriban mara moja kwa kila sita, na wengine mara moja kwa kila 16. Pengo ni kubwa. Hata hivyo mtu aliyeishia kuangalia msimu wa 2012 angeapa kwamba halipo, kwa kuwa katika misimu minane ya mwanzo ni New Orleans Saints peke yao, wa msimu wa 2009, waliotoka namba moja hadi ubingwa. Wengine walitoka namba ya pili, ya tatu, ya nne mara mbili, ya tano, na ya sita mara mbili. Kisha ikaja misimu mitano mfululizo, 2013 hadi 2017, ambayo kila bingwa alikuwa namba moja. Kuanzia msimu wa 2013 hadi wa 2019, timu zote 14 zilizocheza Super Bowl zilikuwa zimepumzika wikendi ya kwanza. Ilionekana kama sheria ya maumbile. Misimu mitano iliyofuata mabingwa walitoka namba ya tano, ya nne, ya kwanza, ya tatu na ya pili, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akigawa zamu.

Kuona mambo mawili yakifuatana na kusema moja limezaa jingine ni kosa lililoonywa zamani sana. Imam Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa cha mwishoni mwa karne ya 11, alichukua mfano wa pamba na moto. Jicho, alisema, huona pamba ikiungua inapokutana na moto. Halioni kwamba imeunguzwa na moto. Kukutana kwa mambo mawili ni jambo moja, na kusababishana ni jambo jingine. Kwa Ghazali, mtendaji wa kweli alikuwa Mungu. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alifikia shaka inayofanana na hiyo bila kumtaja Mungu: akili huzoea kuona mfuatano, na mazoea hayo ndiyo tunayoyaita sababu.

Kwa namba moja ya NFL shaka hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu kuna kitu cha tatu nyuma ya namba na ubingwa, nacho ni ubora wa timu. Timu inayoshinda mechi 14 kati ya 17 hupata namba moja kwa kuwa ni bora, na hushinda Januari kwa kuwa ni bora. Inawezekana kabisa namba isiongeze chochote na bado majedwali yakaonyesha namba na kombe pamoja mwaka baada ya mwaka. Hapo nafasi ya kwanza ingekuwa ishara tu. Mwanasosholojia Max Weber aliona jambo la aina hiyo kwa Wakalvini, Wakristo wa Kiprotestanti: waliamini kwamba wateule wa Mungu walikwisha kuchaguliwa tangu milele, na kwamba mafanikio ya kazi hayanunui wokovu, huuonyesha tu, na bado walijituma usiku na mchana kuipata hiyo ishara. Makocha wa Desemba hawako mbali nao.

Lakini hapa kuna njia ya kutenganisha ishara na sababu ambayo pamba na moto havikuitoa: hesabu ya njia yenyewe. Timu yenye uwezekano wa asilimia 60 wa kushinda kila mechi, kiwango kizuri sana kwa mtoano, ikilazimika kushinda mechi nne mfululizo itatwaa ubingwa mara 13 hivi katika misimu 100. Ikilazimika kushinda tatu, itautwaa mara 21 au 22. Hakuna mchezaji aliyeongezeka wala mbinu iliyobadilika; kilichoondolewa ni mtihani mmoja. Faida hiyo haihitaji ushahidi wa macho, kwa sababu timu haiwezi kupoteza mechi ambayo haikucheza. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba timu hiyo bora, ikiwa na upendeleo wote huo, itashindwa mara 78 katika 100. Kutolewa kwa namba moja ni jambo la kutarajiwa hata pale ambapo namba ina thamani kubwa. Hili ndilo linalosahaulika zaidi, na mjadala mwingi ungeisha kama lingekumbukwa.

Faida ya uwanja wa nyumbani ni ya aina nyingine, nayo ni dhaifu kuliko inavyosemwa. Kwa muda mrefu timu za nyumbani katika NFL zilishinda kama asilimia 57 ya mechi. Mwaka 2020, viwanja vilipokuwa vitupu au na mashabiki wachache kwa sababu ya janga la UVIKO-19, timu za nyumbani zilishinda 127, zikapoteza 128 na kutoka sare moja. Msimu mmoja hauthibitishi kila kitu, ila unaonyesha kwamba nguvu ya nyumbani iko katika watu zaidi kuliko katika nyasi. Kelele humzuia kwotabeki mgeni, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, kusikilizana na wenzake kabla ya mpira kuanzishwa. Ni msaada, lakini mdogo kuliko kuondolewa mechi nzima. Ubingwa wa msimu huohuo ulikwenda kwa Tampa Bay Buccaneers, namba ya tano, walioshinda mechi tatu ugenini na kisha kuwafunga Kansas City Chiefs, namba moja, 31–9 katika Super Bowl ambayo kwa bahati tu ilikuwa imepangiwa uwanja wa Tampa.

Wapo wanaodai kwamba mapumziko hudhuru. Mfano wao mkuu ni Baltimore Ravens wa msimu wa 2019. Walimaliza na ushindi 14 na kupoteza mbili, wakampumzisha kwotabeki wao Lamar Jackson katika mechi ya mwisho isiyo na uzito, kisha wakapumzika wikendi ya kwanza ya mtoano. Jackson alikuwa amecheza mara ya mwisho tarehe 22 Desemba. Aliporudi uwanjani tarehe 11 Januari, Ravens walifungwa 28–12 na Tennessee Titans, namba ya sita. Hoja hii hunukuliwa sana kwa kuwa ina sura na jina. Dhidi yake kuna wale 14 wa 2013 hadi 2019, waliopumzika wote wakafika Super Bowl. Katika mchezo ambao miili hugongana kwa nguvu kila mpira unapoanzishwa, siku saba za kutuliza maumivu si kitu cha kubezwa.

Likiachwa suala la kama namba moja inasaidia, linabaki la kama aliyeipata aliistahili. Tarehe 5 Januari 2025, Detroit Lions na Minnesota Vikings walikutana katika mechi ya mwisho ya msimu, kila mmoja akiwa na ushindi 14 na kupoteza mbili. Wote walikuwa kundi moja. Mshindi angekuwa namba moja ya NFC. Aliyeshindwa angeshuka hadi namba ya tano, kwa sababu namba nne za juu ni za washindi wa makundi. Lions walishinda 31–9. Miezi minne ya kazi, iliyokuwa sawa kwa hesabu hadi asubuhi ile, ikazaa hali mbili zisizofanana: mmoja akapumzika, mwingine akaenda ugenini kucheza na Los Angeles Rams, mechi iliyohamishiwa Glendale, Arizona, kwa sababu ya moto uliokuwa ukiteketeza Los Angeles. Vikings walifungwa 27–9. Siku tano baadaye Lions, wakiwa nyumbani na wamepumzika, walipoteza mpira mara tano na kufungwa 45–31 na Washington Commanders, namba ya sita.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili: watu husifiwa na kulaumiwa kwa mambo ambayo sehemu yake kubwa haikuwa mikononi mwao. Dereva mzembe anayefika nyumbani salama na dereva mzembe ambaye mtoto amemkatizia barabara wamefanya kosa lilelile, na dunia haiwahukumu sawa. Mtoano una tabia hiyo. Lions wa Januari 2025 hukumbukwa kama timu iliyochezea nafasi. Kama mipira miwili mitatu ingeangukia mikono mingine, nafasi hiyohiyo ingesifiwa kwa kuwafikisha mbali.

Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki, alitenganisha kustahili kwa maana ya maadili na kuwa na madai halali chini ya kanuni. Hakuna anayestahili kipaji alichozaliwa nacho, lakini kanuni zikishatangazwa na mtu akazifuata, ana haki ya kupewa kilichoahidiwa. Namba moja inaingia vizuri zaidi katika fungu hili la pili. Timu zikilingana kwa rekodi, huangaliwa nani alimfunga nani, kisha rekodi ndani ya kundi au konferensi na vigezo vingine vingi, na mwisho kabisa ni kurusha sarafu. Kinacholindwa na utaratibu kama huo ni ahadi iliyotolewa mapema kwa wote, kwani sarafu haijui nani alijituma.

Ahadi hiyo ina utata wake. Ligi hiyohiyo, wakati wa kugawana wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu, huanza na timu iliyofanya vibaya zaidi. Utaratibu huo ulipendekezwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ukaanza kutumika 1936. Aprili mnyonge huinuliwa, Januari mwenye nacho huongezewa. Mambo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana: usawa wa mwanzo unahitajika ili mashindano yawe na maana, na tuzo inahitajika ili mechi za Desemba zichezwe kwa dhati. Kinachopingana na tuzo ni kanuni ya washindi wa makundi. Seattle Seahawks wa msimu wa 2010 walishinda saba na kupoteza tisa, wakaongoza kundi dhaifu, na wakawa wenyeji wa New Orleans Saints waliokuwa mabingwa watetezi wenye ushindi 11. Seahawks walishinda 41–36, matokeo ambayo hayaihalalishi kanuni wala kuibatilisha.

Ligi yenyewe imewahi kukiri kwamba uenyeji una uzito wa kutosha kuhitaji kusawazishwa. Mechi ya Buffalo Bills na Cincinnati Bengals ya tarehe 2 Januari 2023 ilifutwa baada ya Damar Hamlin, mchezaji wa Bills, kuanguka uwanjani moyo wake uliposimama ghafla, na Bills wakabaki na mechi moja pungufu ya Chiefs walioshika namba moja. Wamiliki wakaamua kwamba timu hizo mbili zikikutana katika fainali ya AFC, mechi ichezwe uwanja huru, na Atlanta ikachaguliwa. Mapumziko ya wikendi ya kwanza, ambayo ndiyo faida kubwa zaidi, yaliachwa kwa Chiefs. Bills walitolewa na Bengals, Atlanta haikuhitajika, na Chiefs wakatwaa ubingwa.

Kanuni ya washindi wa makundi ilipingwa rasmi mwaka 2025, na aliyeipinga alikuwa Detroit Lions, timu ambayo ingeshushwa nayo hadi namba ya tano kama ingefungwa na Vikings: ilipendekeza timu zipangwe kwa rekodi, ili mshindi wa kundi dhaifu asimtangulie mwenye ushindi mwingi zaidi. Pendekezo halikupata uungwaji mkono wa kutosha. Lions waliliondoa mwezi Mei kabla ya kura, na washindi wa makundi wakaendelea kuwa wenyeji.