Karatasi ya Damu na Amana ya Moyo



Yatufikia mara kwa mara kwamba mtu amepimwa damu, akapewa karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, na akiulizwa hujibu: "Ajali ikifika haizuiliki." Neno hili ni kweli, ila limetiwa mahali pasipo pake. Mwenye kulisema ndiye huyo afungaye mlango kwa kufuli kila usiku, wala hasemi kuwa mwizi naye ameandikwa. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na mwenye ngamia alimwambia amfunge kwanza kisha ategemee. Basi kutegemea pasi na kufunga tumekutoa wapi?

Na tuisome karatasi hiyo. Kolesteroli si sumu. Sehemu yake kubwa hufanywa na ini letu wenyewe, na mwili huitumia kujengea chembe zake na kufanyia nyongo. LDL ni mfano wa majahazi yachukuayo shehena hiyo katika damu. Yakizidi, shehena huingia katika ukuta wa mshipa, mshipa ukasongwa miaka na miaka pasi na maumivu, mpaka siku ukuta upasuke, damu igande, na moyo ukose riziki yake. HDL husaidia kuirejesha shehena kwenye ini. Kwa mtu mzima, jumla hupendeza ikiwa chini ya 5.2, na LDL chini ya 2.6, LDL ikifika 4.9 jambo ni zito, hata kwa kijana. Aliyepimwa India huenda akaona 200 mahali pa 5.2, asitishike, ni mizani nyingine tu. Wala tarakimu hazihukumu peke yake: daktari hutazama pia sigara, sukari, presha na umri.

La chakula ndilo litukeralo. Katika mafuta ya nazi, zaidi ya sehemu nane kwa kumi ni ya aina ipandishayo LDL, na samli ni jamaa yake. Hatusemi wali wa nazi ni haramu (na nani katika nyumba zetu angetusikiliza?). Twasema tui zito kila siku, na juu yake biriani ya kila harusi, ni israfu, na israfu tumekatazwa.

Wako wasio na lawama ya chakula. Karibu mtu mmoja katika 250 huzaliwa na LDL ya juu kwa urithi. Sisi tuoanao binamu yatupasa kulijua hili, kwani mtoto akirithi kwa baba na kwa mama pia, moyo wake waweza kuharibika angali mdogo. Baba aliyepatwa na moyo katika ujana, wanawe wapimwe.

Ama vidonge vya statini, mwaka 1994 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa wa moyo 4,444 wa nchi za Skandinavia, na waliovimeza vifo vyao vilipungua kwa asilimia 30. Anayemwambia mgonjwa avitupe anywe kombe amejitwika roho ya mtu shingoni. Mwenye kuumwa misuli asiviache kimyakimya, amwendee daktari wake. Na Ramadhani si udhuru: humezwa mara moja kwa siku, na baada ya futari kuna usiku mzima.